Habari Hii Umeipata Wapi?

Kijana mmoja wa chuo alitujia jioni, hapa kwetu Kimemi, akiwa na karatasi arobaini zilizopigwa chapa vizuri na kufunikwa kwa plastiki. Ilikuwa kazi yake ya mwisho wa masomo, ile ambayo wanafunzi wetu huiita TFC. «Mwalimu,» akasema, «nakuomba unisahihishie makosa ya maandishi tu, kwa maana Jumatatu ni lazima niitoe.» Kichwa cha kazi kilitaja biashara ya vyakula katika komini ya Kimemi, mji wa Butembo. Tukaanza kusoma. Kurasa za kwanza zilikwenda vema. Tulipofika ukurasa wa 14 tukasoma kwamba wenye maduka wa Kimemi hungoja mashua zinazopanda mto kutoka Kinshasa, na kwamba maji ya mto yakipungua bei ya chumvi hupanda.

Tukamtazama. Naye akatazama chini. Msomaji asiyeijua nchi yetu yafaa aambiwe kwamba Butembo ni mji wa milimani, na mashua ya Kinshasa haiwezi kufika hapa hata Nuhu mwenyewe akishika usukani.

Mambo yalikuwa hivi. Katika kibanda fulani cha fotokopi kuna kompyuta yenye kazi nyingi za wanafunzi waliotangulia, nazo huuzwa kwa bei ndogo. Kijana wetu alinunua moja iliyoandikwa juu ya Kisangani, akafuta jina la Kisangani kila mahali, akatia Kimemi. Jina likafutika, mashua zikabaki. Wala si kwamba ni kijana mvivu. Baba yake alikwisha kufa, mama yake huuza unga, fedha za masomo zilikuwa zimekwisha, naye aliogopa kurudia mwaka. Tukamwuliza neno moja tu: «Habari hii umeipata wapi?» Akajibu: «Imeandikwa.»

Jibu hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Imeandikwa! Hata shetani, alipomjaribu Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, alitumia neno hilo hilo. Kuandikwa peke yake si ushahidi. Tena siku hizi maandishi yamekuwa mengi kama mvua ya Novemba: yamo katika simu, katika intaneti, katika vikundi vya watu wanaotumiana habari usiku kucha; na ziko programu zinazojibu kila swali kwa lugha safi kabisa, ambazo pengine hutaja kitabu kisichoandikwa na mtu yeyote. Lakini shida yenyewe ni ya zamani sana. Tumeona vema kuwasimulia vijana wetu, na wazazi wanaowalipia masomo, jinsi watu waliotutangulia walivyopotea katika jambo hili na jinsi walivyotafuta njia.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1848 alikuwako Rabai, karibu na Mombasa, mmisionari Mprotestanti kutoka Ujerumani, jina lake Johannes Rebmann. Tarehe 11 Mei mwaka huo, akiwa njiani kwenda Uchaga, aliona mlima mrefu wenye kichwa cheupe. Akamwuliza kiongozi wake weupe ule ni kitu gani. Kiongozi hakuwa na jina la kitu kile. Akasema ni baridi. Rebmann alikuwa ameijua theluji tangu utoto wake. Akaandika aliyoyaona, nayo yakapigwa chapa Uingereza mwaka 1849.

Sasa palikuwa na bwana mmoja huko London, William Cooley, aliyehesabiwa kuwa mjuzi mkuu wa jiografia ya Afrika. Alikuwa amesoma vitabu vya Wareno na vya Waarabu, akavilinganisha kwa bidii nyingi. Ila Afrika hakuwahi kuikanyaga. Aliposikia habari ya theluji karibu na ikweta alikasirika. Akasema haiwezekani, mmisionari yule amedanganywa na macho yake. Mwaka 1852 alitoa kitabu kizima cha kueleza bara la Afrika kutoka mezani pake, na theluji ya Rebmann akaikataa. Von der Decken alipanda Kilimanjaro mwaka 1861 na tena mwaka 1862, akarudi na ushuhuda ule ule wa theluji. Cooley akakataa bado. Alipenda vitabu mpaka akakosa nafasi ya kumsikia mtu aliyekuwapo.

Tusimcheke upesi. Wako wengi kati yetu walio ndugu zake, nao hawajasoma hata nusu ya alivyosoma yeye.

Lakini kuna kosa lingine, na kwa wanafunzi wetu ndilo lenye faida zaidi, kwa sababu hapo hapakuwa na mtu mwenye kiburi wala mwongo. Mwenzake Rebmann, Jakob Erhardt, alikaa Tanga mwaka 1854. Huko aliwauliza wafanyabiashara wa misafara juu ya nchi za bara. Walimwambia kwa uaminifu: ukitoka pwani, ukatembea siku nyingi kuelekea machweo ya jua, utafika kwenye maji makubwa, na ng'ambo yake huioni. Wenye misafara ya njia ya kaskazini walisema hivyo. Wa njia ya katikati wakasema vivyo hivyo. Wa njia ya Kilwa, kule kusini, nao pia. Erhardt na Rebmann wakakaa chini wakawaza: kama kila njia inafika kwenye maji, basi maji ni mamoja. Wakachora ramani yenye ziwa moja la ajabu katikati ya Afrika, refu, limejipinda kama konokono asiye na nyumba. Ramani hiyo ilichapwa Ulaya miaka ya 1855 na 1856, na wataalamu wakabishana juu yake usiku na mchana.

Leo mtoto wa shule anajua kwamba maziwa ni matatu: Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Mashahidi wote walisema kweli, na hitimisho lilikuwa uongo. Kwa nini? Kwa sababu swali moja halikupata mtu wa kulijibu: Je, kuna mtu aliyewahi kutembea kutoka maji haya mpaka maji yale? Palipokosekana shahidi, mabwana wale walijaza kwa mawazo yao, kisha kalamu ikachora mawazo na ushahidi kwa wino mmoja. Wote waliotazama ramani hawakuweza kutofautisha sehemu iliyosikika na sehemu iliyowazwa.

Lakini tuwape haki yao. Erhardt hakuficha kwamba habari zilitoka kwa watu wa misafara, alieleza wazi. Kwa hiyo wengine waliweza kwenda kupima. Burton na Speke waliondoka pwani mwaka 1857, wakafika Ujiji Februari 1858, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo Speke akasimama kando ya Nyanza upande wa Mwanza. Ziwa la konokono likafa. Kosa la mtu aliyetaja habari zake zilitoka wapi lilidumu miaka mitatu tu. Lile la mtu anayeficha hudumu mpaka lini? Mashua za Kisangani zingeweza kukaa katika maktaba, na baada ya miaka ishirini mwanafunzi mwingine angezinakili tena kwa imani safi.

Turudi sasa karibu na nyumbani. Asubuhi mawingu yakifunguka, mtu aliye upande wa Mutwanga huona Ruwenzori. Ptolemeo wa Alexandria, katika karne ya pili, aliandika habari za Milima ya Mwezi, ambayo theluji yake hulisha maziwa ya Nili. Yeye hakuiona, alipokea kutoka kwa mwandishi aliyemtangulia, naye huyo alipokea habari za msafiri wa baharini. Habari ya mkono wa tatu, kwa hiyo, na mpaka leo wataalamu wanabishana ni milima ipi hasa iliyokusudiwa. Hata hivyo haikuwa upuuzi mtupu. Stanley alipita karibu na Ruwenzori mwanzoni mwa mwaka 1876, akaona mlima, asiijue theluji yake. Aprili 1888 wenzake wawili, Jephson na daktari Parke, walimwambia wameona mlima mweupe. Tarehe 24 Mei 1888 akauona mwenyewe, na mwanzo alidhani ni wingu. Mwaka 1906 mkuu wa Abruzzi, Mwitalia, alifika kilele cha Margherita chenye mita 5,109, akaacha vipimo na picha nzuri.

Na watu wa mlima wenyewe? Muda huo wote walikuwa wakiishi chini yake. Theluji waliipa jina katika lugha yao, na ndugu zetu Wakonzo wa upande wa Uganda husema Rwenzururu mpaka leo. Msafiri aliyetaka kujua kama kuna theluji angeuliza nyumba ya kwanza. Tunataja jambo hili kwa sababu mwanafunzi wa Butembo akipewa kazi juu ya Butembo hukimbilia kwanza kilichoandikwa mbali, na jirani yake aliyeuza viazi miaka thelathini hamwulizi neno.

Neno lingine juu ya mlima huo, kabla hatujauacha. Mtu akisoma leo habari za barafu ya Ruwenzori katika kitabu cha safari ya 1906, akaandika kwamba ndivyo ilivyo, atasema uongo, ingawa kitabu kilisema kweli. Barafu ile imeyeyuka sana tangu wakati huo, na sehemu kubwa imekwisha. Kwa hiyo mwaka wa kitabu si pambo la jalada. Mwanafunzi autazame kabla ya kutazama jina la mwandishi.

Pengine msomaji atasema: mambo haya ya kupima habari ni ya wasomi wasio na dini, Mkristo mwema huamini. Sivyo. Kanisa lenyewe lina watoto wake waliofanya kazi hii kwa jasho. Mwaka 1643, huko Antwerpen katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, Mjesuiti Jean Bolland alianza kutoa vitabu vikubwa vya maisha ya watakatifu, akitenga visa vya kweli na hadithi zilizoongezwa na watu wenye kupenda miujiza kupita kiasi. Mwenzake Daniel Papebroch aliendelea. Mwaka 1675 aliandika kwamba hati nyingi za kale za monasteri za Wabenedikto zilikuwa za kughushi. Fikiri jinsi Wabenedikto walivyofurahi! Lakini mmoja wao, Padri Jean Mabillon wa Paris, hakujibu kwa matusi. Alikaa miaka kadhaa akilinganisha hati kwa hati: wino, ngozi, namna ya herufi, mihuri, namna ya kuandika tarehe. Mwaka 1681 akatoa kitabu kilichoonyesha kanuni za kupambanua hati ya kweli na ya uongo, na kwamba Papebroch alikuwa amezidisha ukali. Papebroch alipokisoma alimwandikia Mabillon barua ya kumshukuru na kukiri kwamba ameshindwa. Watu wawili wa mashirika mawili, kila mmoja na heshima ya nyumba yake ya kulinda, na mmoja akasema: nilikosea.

Papebroch alipata taabu kwa sababu nyingine. Wakarmeli walisema shirika lao lilianzishwa na nabii Eliya. Yeye akasema hakuona ushahidi. Mwaka 1695 mahakama ya dini ya Hispania ikavihukumu vitabu vyake. Akafa mwaka 1714. Hukumu ikafutwa mwaka 1715. Alichelewa mwaka mmoja tu kuusikia ushindi wake, maskini.

Katika nchi yetu kazi hii ina historia fupi zaidi, lakini ipo. Waasumpsionisti walifika mwaka 1929, na baadhi yao hawakutosheka na kufundisha; waliuliza na kuandika. Padri Lieven Bergmans alitoa hapa Butembo, kuanzia mwaka 1970, vitabu juu ya historia na desturi za Wanande, akitegemea maneno ya wazee. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 alikuja Mmarekani Randall Packard, akakaa na Washu, na mwaka 1981 akatoa kitabu juu ya machifu wao, mvua na njaa. Mbelgiji Jan Vansina, aliyekuwa amefundishwa kusoma hati za Ulaya ya karne za kati, alikwenda kwa Wakuba wa Kasai mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaona kwamba masimulizi ya wazee yaweza kupimwa kama hati zinavyopimwa. Kitabu chake cha mwaka 1961 kilisomwa ulimwengu mzima.

Namna gani hupimwa? Mzee akisema, «Babu yetu ndiye aliyefika kwanza kwenye mlima huu,» mtafiti haandiki tu kwamba babu yule alifika kwanza. Anaandika nani amesema, ni wa ukoo gani, siku gani, mbele ya nani. Halafu anakwenda ng'ambo ya bonde kwa ukoo mwingine, naye anasikia kwamba wa kwanza alikuwa mwingine kabisa. Mara nyingi neno «wa kwanza» lina shamba ndani yake. Hapo si lazima mtu amwite mzee mwongo. Mzee anatetea urithi wa wajukuu wake. Lakini mwanafunzi aliyesikiliza upande mmoja tu, akapiga chapa, amewapa watu wa upande huo silaha, na huko kwetu twajua mashamba yamemwaga damu ngapi.

Mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha hapa Butembo Chuo Kikuu Katoliki cha Graben. Jina hilo ni neno la Kijerumani ambalo wataalamu wa miamba hulitumia kwa bonde lile kubwa lililopasuka chini ya Ruwenzori. Kabla ya hapo mtoto wetu aliyetaka masomo ya juu alikwenda Kisangani, Kinshasa au Bukavu, na wengi hawakwenda. Askofu Kataliko alifariki Roma mwaka 2000 akiwa Askofu Mkuu wa Bukavu. Chuo kikabaki. Na ni katika hospitali ya chuo hicho kwamba miaka kumi na tisa baada ya kifo chake tuliona swali letu, «Habari hii umeipata wapi?», likigeuka jambo la uhai na mauti.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ilianza kujulikana Mangina, karibu na Beni, ikafika Beni, Butembo na Katwa. Kila mmoja wetu anakumbuka maneno yaliyozunguka. Ugonjwa haupo. Ugonjwa umeletwa ili watu wapate fedha. Ugonjwa ni siasa. Katikati ya maneno hayo, Septemba 2018, watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Hawakuwaita marafiki zao. Waliwachagua kwa utaratibu kama wa kura. Walipohesabu, wakakuta kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne aliamini Ebola si kweli. Wakaona pia kwamba wasiowaamini wakubwa ndio waliosita zaidi kukubali chanjo na matibabu.

Hapa tuombe ruhusa ya kusema jambo ambalo wageni hawakupenda kulisikia. Waliodanganyika hawakuwa wajinga. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa usiku, na msaada uliokuja ulikuwa haba. Ghafula, kwa ugonjwa mmoja, magari yakajaa barabarani. Mtu mwenye akili lazima aulize kwa nini. Tarehe 26 Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi, tume ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura mpaka Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Rais angeapishwa Januari. Watu wakasema: masoko yako wazi, makanisa yako wazi, kwa nini sanduku la kura peke yake ndilo lenye ugonjwa? Swali lilikuwa la haki. Jibu ambalo wengi walijipa, kwamba basi Ebola haipo, halikutoka katika swali. Lilikuwa kama ziwa la Erhardt: ushahidi wa kweli, na mstari wa wino uliojaza pasipokuwa na shahidi.

Februari 2019, tarehe 24 na tarehe 27, vituo vya wagonjwa wa Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili 2019, Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben wakati waganga walipokuwa mkutanoni, wakamwua daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani. Uvumi peke yake hauvuti risasi. Lakini waliovuta walipita katika mji ambao wengi walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba waganga ni adui.

Na katika miezi hiyo hiyo, katika vituo hivyo hivyo, palifanyika kazi ya utafiti ambayo twadhani kila mwanafunzi wa Butembo angepaswa kuijua kama anavyojua jina la parokia yake. Kuanzia Novemba 2018, katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa nne zilijaribiwa kwa pamoja. Mmoja wa wakuu wa kazi hiyo alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, yule aliyekwenda Yambuku mwaka 1976, katika hospitali ya misioni, ugonjwa huu ulipokuwa hauna hata jina. Wagonjwa 681 waliingia. Kwanza mgonjwa au ndugu yake alielezwa, akakubali au akakataa. Kisha kura ndiyo iliyoamua apewe dawa gani, wala si upendeleo wa daktari.

Kwa nini kura? Kwa sababu daktari naye ni mwanadamu. Akiamini dawa fulani atawapa wale anaoona watapona, halafu atasema: mnaona, dawa yangu inaponya! Wakati ule wengi waliiwekea tumaini dawa iliyoitwa ZMapp. Agosti 2019 hesabu zilikuwa zimekwisha kusema, na jaribio likasimamishwa ili wagonjwa wote wapewe zile dawa mbili zilizoshinda. Kati ya waliopewa ZMapp, karibu nusu walikufa. Kati ya waliopewa remdesivir, nusu na zaidi. Kati ya waliopewa zile mbili nyingine walikufa kama theluthi moja, na mmoja wa dawa hizo, mAb114, asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Mwaka 2020 Marekani iliziidhinisha dawa zote mbili. Basi dunia nzima leo inaponya Ebola hiyo kwa elimu iliyopatikana Beni na Butembo, kwa wagonjwa wetu, huku mawe yakirushwa juu ya paa.

Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287.

Ingekuwa rahisi kufunga hadithi hapo, wataalamu upande mmoja na wavumi upande mwingine. Lakini Septemba 2021 tume iliyoundwa kuchunguza ilieleza kwamba wanawake walikuwa wameahidiwa kazi katika huduma ya Ebola kwa sharti la kutoa miili yao. Watuhumiwa walikuwa 83, na 21 kati yao waliajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Maneno ya wanawake kama hao ni rahisi kuyatupa katika kapu moja na uvumi. Kwa hiyo mtafiti anayedhani kwamba karatasi yenye muhuri husema kweli siku zote na mwanamke wa sokoni husikia fununu tu, hajatofautiana sana na Bwana Cooley.

Kijana wetu wa mashua tulimwambia arudi kwa mwalimu wake aombe majuma matatu. Mwalimu alikubali, ingawa si bila maneno makali. Tukampa daftari, tukamwonyesha mambo machache: kila kitabu akifunguacho aandike kwanza jina la mwandishi, jina la kitabu, mji na mwaka, na ukurasa wa kila neno analolichukua, maneno ya mtu mwingine ayafunge kwa alama, yake ayaache wazi, aliyoyasikia na anayoyadhani asiyachanganye katika mstari mmoja. Kisha tukamtuma sokoni, aanze na wenzake mama yake.

Siku ya tatu alirudi amekasirika. Wanawake wanane kati ya kumi na wawili walikataa kutaja majina yao, kwa maana walimdhani mtu wa kodi. Akauliza kama aweze kubuni majina. Tukamwambia hapana, aandike tu muuzaji wa kwanza, muuzaji wa pili, na orodha ya majina ya wale wanne asiitie katika kazi wala asimwonyeshe mtu. Walipoona haandiki majina wakaanza kusema, na wakasema mengi: bei ya gunia njiani, vizuizi vya barabarani, nani hulipa nini. Mengine hatuyaandiki hapa, na yeye pia aliyaacha nje baada ya kuwauliza.

Jumamosi ya mwisho alikuja na karatasi kumi na tisa badala ya arobaini. Alikuwa na neno moja lililomsumbua. Mwanamke mmoja mzee alimwambia kwamba wauzaji wa viazi walihamishwa mahali pao pa zamani mwaka ule vita vilipoingia Butembo. Mwingine, mzee vilevile, akasema la, ilikuwa kabla, mtoto wake wa tatu alikuwa hajazaliwa. Karatasi ya komini hakuipata. Aandike mwaka gani?

Tukamwambia aandike yote mawili, na nani alisema lipi. Akakaa mezani kwetu akaandika, polepole, kwa kalamu, huku mama yake akimngojea nje na kapu lake la unga.